Saa ya mafunzo ni ya nani? Malipo na gharama za mafunzo ya lazima kazini

Karatasi ya mahudhurio ya mafunzo kazini kwa kawaida ina safu nne: namba, jina, namba ya simu na saini. Juu pameandikwa tarehe na mada, tuseme "Huduma kwa mteja" au "Matumizi ya kizima moto". Mfanyakazi anaingia ukumbini asubuhi, karatasi inazungushwa, anasaini, inakusanywa na kupelekwa ofisi ya rasilimali watu. Ukiitazama tena utaona kinachokosekana: saa ya kuingia na saa ya kutoka. Kampuni imebaki na ushahidi kwamba ilimfundisha mtu wake. Mfanyakazi hana karatasi yoyote inayoonyesha muda alioutoa.

Madai mengi ya malipo ya mafunzo yanafia hapo, kabla hata afisa kazi wa serikali hajayasikia. Mwajiri akiulizwa husema, "Walikuwa wanajifunza, hawakuwa kazini." Mfanyakazi naye, kwa kuwa kweli alikuwa amekaa kitini anasikiliza, anaona haya kudai. Hoja ya makala haya ni kwamba anayeona haya hana sababu. Swali la kuuliza ni nani aliyeamuru mtu awepo pale saa ile. Kama ni mwajiri, na kama kutokwenda kungemletea mfanyakazi barua ya onyo, basi saa ile ni ya mwajiri, na anapaswa kuilipa pamoja na gharama za kumfikisha pale.

Kwa Tanzania Bara sheria inayotawala jambo hili ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, ikisomwa sambamba na Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka huohuo. (Namba za vifungu hapa ni za sheria hizo kama zilivyotungwa mwaka 2004. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira Na. 11 ya 2005, na hesabu zinazofuata hazihusiki huko.) Katika sheria hizo mbili hakuna kifungu kinachotamka waziwazi kuwa mafunzo ya lazima ni saa za kazi. Pengo hilo lipo na halifai kufichwa. Lakini kuna vifungu vya saa, vya malipo na vya makato, na ukivipanga pamoja vinatosha kujenga dai linalosimama.

Tuanze na saa. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinaweka ukomo wa saa za kawaida: saa 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni saa za ziada, na saa za ziada ni za makubaliano, hazilazimishwi. Hata kwa makubaliano haziwezi kuzidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, wala siku moja haiwezi kuzidi saa 12. Kila saa ya ziada inalipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Saa zinazoangukia kwenye mapumziko ya wiki au sikukuu zinalipwa mara mbili. Hakuna mahali sheria inaposema saa ya kazi ni ile tu ambayo mikono imeshika kitu. Mlinzi anayekesha getini bila mwizi kutokea analipwa. Dereva anayesubiri mzigo upakiwe analipwa. Aliyeitwa ukumbini kusikiliza utaratibu mpya wa kupokea bidhaa ghalani amewekwa pale na mtu yuleyule anayempangia zamu.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu wanapopunjwa bila kujua.

Chukua mfanyakazi wa duka la jumla mwenye mshahara wa msingi wa Sh390,000 kwa mwezi. Anafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, akiwa na saa moja ya chakula. Hizo ni saa 9 kwa siku, 45 kwa wiki, na ukomo wake umefika. Jedwali la Kwanza la sheria linaeleza namna ya kupata kiwango cha saa: gawanya mshahara wa mwezi kwa 4.333 (ndio wastani wa wiki katika mwezi) mara saa za kawaida za wiki. 4.333 mara 45 ni 194.985. Sh390,000 ukizigawanya kwa hapo unapata Sh2,000 kwa saa.

Kosa linalojirudia kwenye ofisi za uhasibu ni kugawanya mshahara kwa siku 30, kisha kwa saa 9. Ukifanya hivyo kwa mfanyakazi huyuhuyu unapata Sh1,444, na amekwisha kupoteza Sh556 kwa kila saa kabla hata ya nyongeza ya saa za ziada. Kosa jingine huwa la mfanyakazi mwenyewe: anachukua kiasi kinachoingia kwenye simu au benki baada ya makato ya NSSF na kodi, anakigawanya hicho. Msingi wa hesabu ni mshahara wa msingi kabla ya makato, bila posho.

Kampuni inatangaza mafunzo ya wiki nne. Kila Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, saa moja ya chakula imetolewa: saa 8 mara 4 ni 32. Tena kuna masomo ya mtandaoni kila jioni ya siku ya kazi, saa 2 usiku hadi saa 3 usiku, yenye maswali ambayo lazima yajibiwe kabla ya kulala: saa 20. Jumla saa 52. Kwa Sh3,000 kwa saa (Sh2,000 mara moja na nusu), hizo ni Sh156,000. Masomo ya usiku yana nyongeza yake, kwa sababu usiku kisheria unaanza saa 2 na kuisha saa 12 asubuhi, na kila saa ya usiku ina asilimia 5 zaidi. Ikiwa saa hiyo ni ya ziada, asilimia 5 inapigwa kwenye kiwango cha saa za ziada. Sh150 mara 20 ni Sh3,000. Jumla kuu Sh159,000, zaidi ya theluthi moja ya mshahara wa msingi wa mwezi. Kama siku ya ukumbini ingekuwa Jumapili, na Jumapili ndiyo mapumziko yake ya wiki, siku moja tu ingekuwa Sh32,000 badala ya Sh24,000.

Na kuna mambo mawili ambayo ratiba hii imeyavunja bila aliyeipanga kushtuka. Saa 52 zimepita ukomo wa 50 kwa wiki nne. Halafu, aliyemaliza somo saa 3 usiku na kutakiwa dukani saa 2 asubuhi amepata mapumziko ya saa 11, wakati sheria inataka 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza tena. Muda huo unaweza kupunguzwa kwa makubaliano ya maandishi tu, tena kwa mazingira yaliyotajwa kwenye sheria yenyewe. Kundi la WhatsApp lenye ujumbe wa "Wote mshiriki bila kukosa" halihesabiki kuwa makubaliano ya maandishi. Lakini ujumbe huohuo ni ushahidi mzuri sana wa amri, na nitaurudia.

Kuna wasioguswa na hesabu hii. Anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hayumo kwenye vifungu vya ukomo wa saa. Ndiyo maana baadhi ya waajiri hugawa vyeo vya "supavaiza" kama pipi. Cheo hakitoshi. Kinachotazamwa ni kama kweli anasimamia watu na anaripoti kwa nani. Vilevile, pakiwa na mkataba wa pamoja kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi wa kukokotoa wastani wa saa kwa kipindi kirefu, au makubaliano ya maandishi ya kubana wiki ya kazi, hesabu inabadilika. Omba kuyaona kabla ya kukubali kwamba yapo.

Mafunzo yanayofanyika ndani ya saa za kazi hayana utata: mshahara unaendelea kama kawaida. Hila ya kuangalia ni siku za mafunzo kuandikwa kwenye fomu kuwa ni likizo. Mwisho wa mwaka mfanyakazi anaambiwa amebakiza siku 22 kati ya 28, kumbe siku 6 alikuwa ukumbini. Likizo ya mwaka ni ya mapumziko, na siku ambayo mwajiri amekupangia mahali pa kukaa na mtu wa kumsikiliza haiwezi kuwa likizo.

Eneo gumu zaidi ni mafunzo ya kabla ya mkataba, na ndiko wanakoumia vijana. Kituo cha simu, kampuni ya mikopo midogo, hoteli au kampuni ya ulinzi inaita watu 30, inawaambia mafunzo ni wiki mbili bila malipo, watakaofaulu ndio watakaoajiriwa. Wiki ya kwanza inaweza kuwa darasa kweli. Ya pili wanagawiwa orodha ya wateja wa kupigia, au wanapangwa lindo na mlinzi mzoefu, au wanatandika vitanda vya wageni waliolipa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aliyekwisha kupewa jembe na kulima si mgeni tena.

Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi kinamsaidia mtu huyu kuliko wengi wanavyojua. Kinasema mtu anayemfanyia mwingine kazi au kumpa huduma anadhaniwa kuwa mwajiriwa, vyovyote mkataba ulivyoandikwa, ikiwepo hata moja kati ya dalili zilizotajwa: namna anavyofanya kazi inaelekezwa na mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, yeye ni sehemu ya taasisi, amemfanyia mtu huyo kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi, anapewa vifaa vya kazi, anamfanyia mtu mmoja tu. Dalili moja inatosha kuanzisha dhana hiyo, kisha ni mwajiri anayepaswa kuipangua. Msichana aliyewekewa vipokea sauti masikioni, akapewa maneno ya kusema na kuambiwa asinyanyuke mpaka saa 6 mchana, ana dalili tatu mkononi. Kwa hiyo "bado ulikuwa kwenye mafunzo" si jibu la kumaliza mjadala. Ibara ya 23 ya Katiba nayo inasema kila mtu anayefanya kazi anastahili kupata malipo ya haki, wala haikumtenga anayefanya kazi huku anafundishwa.

Siwachanganyi hawa na wanagenzi na watarajali. Uanagenzi wenye mkataba wake, chuo chake na cheti mwishoni ni utaratibu mwingine, na nchi inauhitaji. Tatizo ni pale neno "mafunzo" linapowekwa kama kibandiko juu ya kazi ya kawaida.

Na muda wa majaribio? Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinaruhusu majaribio ya muda unaofaa usiozidi mwaka mmoja. Lakini aliye kwenye majaribio ni mwajiriwa, analipwa, na saa zake za ziada zinahesabika. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamnyima mwenye chini ya miezi sita kazini kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali. Hakimnyimi mshahara. Wapo wanaoacha kudai kwa sababu mtu fulani aliwaambia chini ya miezi sita hawana haki yoyote, na taarifa hiyo si sahihi.

Sasa gharama. Hapa sheria ya sekta binafsi ni nyembamba kuliko kwenye saa. Mtumishi wa umma anayetumwa kusoma nje ya kituo ana kanuni za nauli na posho ya kujikimu. Wa sekta binafsi anategemea mkataba wake na, kama tawi la chama cha wafanyakazi lina nguvu, mkataba wa hali bora, yaani ule wa pamoja ambao chama kinajadiliana na mwajiri. Nauli ya kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam, usiku mbili gesti, chakula, ada ya mkufunzi, kitabu, sare ya mazoezi, bando la kufungulia video za masomo kwenye simu yake mwenyewe: mkataba ukinyamaza, kila kimoja ni ugomvi.

Lakini kunyamaza kwa mkataba hakumpi mwajiri ruhusa ya kukata. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinakataza makato yoyote kwenye ujira isipokuwa yale yanayotakiwa au kuruhusiwa na sheria, mkataba wa pamoja, amri ya mshahara, amri ya mahakama au tuzo ya usuluhishi, au yale ambayo mfanyakazi ameyakubali kwa maandishi kuhusu deni. Kama mwajiri anadai hasara au uharibifu, kuna masharti zaidi: iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake, apewe nafasi ya kupinga, kiasi kisizidi hasara yenyewe, na makato yote yasizidi robo ya ujira wa fedha. Kumfundisha mtu kazi yako si hasara aliyokusababishia. Kwa hiyo mstari wa "Mafunzo" kwenye slipu ya mshahara, katikati ya NSSF na kodi, unapaswa kuulizwa mwezi uleule unapotokea: makato haya yanatokana na sheria ipi, au na karatasi ipi niliyosaini, na tarehe ngapi?

Mafunzo ya usalama yasigharimiwe na mfanyakazi hata kidogo. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao tangu Juni 2022 umo kwenye orodha ya mikataba ya msingi, unasema katika ibara ya 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Kizima moto, huduma ya kwanza, kufanya kazi juu ya ngazi ndefu, kuendesha mashine ya kuinua mizigo, utaratibu wa kuingia mgodini: yote hayo yanamlinda mwajiri pia, na mara nyingi yeye ndiye anayeulizwa na mkaguzi kama yalifanyika.

Mpaka wa hoja hii uko kwenye sifa zinazomfuata mtu popote aendako. Leseni ya udereva, cheti cha ufundi stadi cha VETA ulichochukua kabla ya kuomba kazi, mafunzo endelevu ambayo bodi ya taaluma yako inayadai ili usajili wako usikatike: hayo yameamriwa na sheria au bodi kwako wewe mwenyewe. Dai la kumtaka mwajiri ayalipie ni dhaifu, isipokuwa aliahidi au aliyataja kwenye mkataba. Ni heri kulijua hilo mapema kuliko kulisikia kwa msuluhishi.

Katikati ya hayo mawili kuna mkataba wa kufungwa: kampuni inakusomesha, nawe unaahidi kutumikia miaka miwili au kulipa. Haupaswi kukataliwa kila unapoonekana. Kozi ya mashine inayouzwa sokoni na inayokupa cheti ni mali yako pia. Mkataba wa haki unataja kiasi kabla ya mafunzo, una risiti, na unapungua kadiri unavyotumikia. Kozi ya Sh2,400,000 kwa miezi 24 inashuka Sh100,000 kila mwezi. Ukiondoka baada ya miezi 18 unadaiwa Sh600,000, si zaidi. Tena mkataba huo haudai chochote kama mwajiri ndiye aliyekuachisha au aliyeshindwa kukuthibitisha.

Mkataba mbaya unajulikana kwa sura yake. Kiasi ni cha mviringo, Sh3,000,000, bila mchanganuo. Mafunzo yenyewe yalitolewa na meneja mwenzako kwenye chumba cha chakula. Ndani ya "gharama" umo mshahara uliolipwa siku za mafunzo, kana kwamba ulikopeshwa mshahara wako. Na deni halipungui, ukibakiza wiki moja unadaiwa lote. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia inayofaa isiyozidi kiasi kilichotajwa. Hakisemi apewe kiasi kilichotajwa hata kama hakutumia kitu. Mwambie mwajiri akuonyeshe risiti. Asiyekuwa nayo ataishia kupatana.

Waajiri wengi watajibu kwamba mafunzo ni ghali na mtu akishaiva anahamia kwa mshindani. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa kampuni ndogo. Lakini mwajiri mkubwa tayari yuko kwenye mfumo wa kuchangia ujuzi: Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi inalipwa na wenye wafanyakazi 10 au zaidi, na kiwango chake kilishushwa hadi asilimia 3.5 ya malipo ya wafanyakazi mwaka 2023. Kenya nako kuna tozo ya mafunzo ya viwandani, Sh50 za Kenya kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na mwajiri anaweza kurudishiwa sehemu ya gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani ya nchi hiyo. Mzigo wa kufundisha nguvu kazi umekwisha kupangiwa wa kuubeba. Kuushusha kwa chinichini kwenye slipu ya mtu anayepata Sh390,000 ni kumtoza aliye chini kabisa.

Nchi nyingine zimelimaliza kwa maneno machache. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya Na. 2019/1152, yaliyotakiwa kuingizwa kwenye sheria za nchi wanachama ifikapo tarehe 1 Agosti 2022, yanasema katika ibara ya 13 kwamba mafunzo ambayo mwajiri anatakiwa na sheria au mkataba wa pamoja kuyatoa yatolewe bure, yahesabiwe saa za kazi, na pale inapowezekana yafanyike ndani ya saa za kazi. Mwaka 2021 Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua shauri la mtumishi wa serikali ya mtaa nchini Romania aliyetumwa kwenye mafunzo ya saa 160, na 124 kati yake zilikuwa nje ya saa zake za kawaida. Ilisema muda huo ni muda wa kazi, ingawa mafunzo yalifanyikia kwa mkufunzi na mtumishi hakuwa akitekeleza majukumu yake ya kila siku.

Marekani wana kipimo ambacho hata mwenyekiti wa tawi anaweza kukitumia kesho asubuhi. Mafunzo hayalipwi endapo tu mambo manne yametimia yote kwa pamoja: yako nje ya saa za kawaida, kuhudhuria ni hiari ya kweli, hayahusiani moja kwa moja na kazi ya mtu, na hakuna kazi inayofanyika wakati wa mafunzo. Likikosekana moja, yanalipwa. Jaribu kukiweka juu ya mafunzo yoyote ya lazima unayoyajua. Sharti la pili peke yake linayamaliza.

Kwa mfanyakazi aliye na mafunzo wiki ijayo, hatua ni hizi. Kabla ya kwenda, tuma ujumbe mfupi wenye adabu na uutunze: "Habari za kazi Meneja. Nimepokea maelekezo ya kuhudhuria mafunzo Jumamosi saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Naomba kuthibitishiwa kama ni ya lazima, na utaratibu wa malipo ya saa za ziada na nauli. Ahsante." Akijibu "ni lazima", amri umeipata. Asipojibu, umeuliza na tarehe inaonekana. Hifadhi picha ya tangazo la kundi la WhatsApp sehemu nyingine nje ya simu, kwa sababu kundi linaweza kufutwa. Siku yenyewe, andika saa ya kuingia na ya kutoka kwenye daftari lako, na ukisaini karatasi ya mahudhurio ongeza saa pembeni ya saini yako. Ipige picha. Somo la mtandaoni likiisha, piga picha ya kioo inayoonyesha jina lako na saa. Nauli ya basi dai tiketi. Ya bodaboda andika ulikotoka, ulikokwenda na kiasi.

Mshahara ukitoka bila malipo hayo, andika barua ya madai yenye jedwali: tarehe, saa, kiwango, jumla. Afisa kazi anaweza kukagua na kutoa amri ya kumtaka mwajiri atekeleze sheria. Njia nyingine ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), kwa fomu Na. 1 ya CMA, ambayo nakala yake inamfikia mwajiri kwanza na uthibitisho wa kupokelewa unaambatishwa. Hapo muda ni mkali: mgogoro usiohusu kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 60 tangu ulipotokea; wa kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Anza kuhesabu kutoka siku ya mshahara ambayo fedha hazikuonekana, usingoje mafunzo yaishe wala mazungumzo na ofisi ya rasilimali watu yakamilike. "Tunalishughulikia, ndugu, vuta subira" ndiyo sentensi iliyowapitisha wengi siku ya 60. Aliyechelewa anaomba kuongezewa muda kwa fomu Na. 2, na lazima aeleze sababu za kila siku aliyochelewa, jambo ambalo si jepesi.

Ukiwa huna mkataba wa maandishi, usirudi nyuma. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtaka mwajiri atoe maelezo ya ajira kwa maandishi, ikiwemo saa za kazi na namna malipo yanavyokokotolewa, na akishindwa kuyatoa mbele ya msuluhishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unamwangukia yeye.

Bunge lingeweza kuziba pengo hili kwa kifungu cha mistari mitatu. Mpaka hapo, mahali pa haraka zaidi ni mkataba wa hali bora. Vyama vya wafanyakazi kama TUICO, CHODAWU na TAMICO vinajadiliana kila mara juu ya nyongeza ya mshahara, na mafunzo hubaki aya moja ya jumla isiyobana. Katika majadiliano yajayo, tawi lipeleke maneno haya kamili: mafunzo yoyote yanayoamriwa na mwajiri ni saa za kazi, yakiwa ukumbini au mtandaoni, ratiba itolewe siku 14 kabla, nauli, malazi na chakula vilipwe kabla ya safari, si baada, karatasi ya mahudhurio iwe na saa ya kuingia na ya kutoka, na mfanyakazi apewe nakala, hakuna makato ya mafunzo bila mkataba wa deni uliosainiwa kabla ya mafunzo kuanza, wenye risiti na unaopungua kila mwezi, na mafunzo ya usalama hayaingii kwenye deni lolote.